Hadhira Inayosafiri: Ziara ya Mwisho ya The Tragically Hip na Maandalizi ya Kuifuata

Wahenga waliposema kwamba mcheza kwao hutuzwa, walimtazama mchezaji, wakatazama na kwao, kisha wakanyamaza kuhusu yule anayefunga safari ya siku nyingi ili awepo mchezaji huyo atakapotuzwa. Kimya hicho kimeingia hata katika darasa la fasihi simulizi. Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kwamba sanaa ya mdomo haikamiliki pasipo fanani, hadhira na mahali pa utendaji. Sifa za fanani huorodheshwa kwa mapana: awe na kumbukumbu nzuri, awe mkwasi wa lugha, ajue kuigiza, aijue jamii yake. Hadhira nayo huambulia mistari miwili: huketi, husikiliza, huitikia, hupiga makofi, basi. Ni kana kwamba watu hao waliota hapo hapo walipo kama uyoga baada ya mvua, wala hawakutoka mahali popote.

Makala haya yanashikilia kwamba picha hiyo ni finyu. Ipo hadhira inayosafiri, na maandalizi ya safari yake ni sehemu ya utendaji, si jambo la pembeni. Mfano utakaotumiwa unatoka mbali, nchini Kanada, kwa kuwa huko umbali kati ya mji na mji ni mkubwa kiasi kwamba hakuna awezaye kuifuata sanaa kwa kubahatisha. Atake asitake, mfuasi hulazimika kukaa chini na ramani na kalenda, na katika kukaa huko humbainikia mambo ambayo aliyealikwa kwa jirani hayaoni.

Tarehe 24 Mei 2016 kikundi cha muziki wa roki cha The Tragically Hip kilitangaza kwamba mwimbaji na mtunzi wake, Gord Downie, alikuwa na saratani ya ubongo isiyoponyeka. Kikundi hicho kilianzishwa mwaka 1984 katika mji wa Kingston, jimbo la Ontario. Nje ya Kanada hakikuvuma sana, lakini nyumbani kilipendwa mno, hasa kwa kuwa nyimbo zake zilitaja miji, mito, mashujaa wa mpira wa magongo na kesi za mahakama za nchi hiyo bila kuomba radhi kwa wasioijua. Badala ya kuagana na wapenzi wao kwa barua, wanamuziki hao watano waliamua kuizunguka nchi. Ziara ilianza Victoria, katika pwani ya Pasifiki, tarehe 22 Julai, na kukamilika Kingston kwenyewe tarehe 20 Agosti: maonyesho 15 katika miji 10 kwa siku 30. Vancouver, Edmonton na Calgary ilipata maonyesho mawili mawili, Toronto matatu, na miji ya Winnipeg, London, Hamilton na Ottawa moja moja. (London inayotajwa hapa ni ya Ontario, ingawa mto wake nao unaitwa Thames.) Hakuna aliyelitamka neno kwaheri waziwazi, lakini hapakuwa na mtu aliyehitaji kutafsiriwa.

Aliyetaka kuifuata ziara hiyo tangu mwanzo hadi mwisho alianza na tiketi, na hapo ndipo alipokutana na uchungu wa kwanza. Tiketi zilipotolewa zilimalizika kwa dakika chache tu, kisha zikaibuka tena kwenye intaneti kwa bei iliyopaa mara kadhaa. Walanguzi walikuwa wametumia programu za kompyuta zinazonunua tiketi kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiwezi kushindana nayo. Hasira ya wananchi ilikuwa kubwa hata jimbo la Ontario likatunga sheria mwaka 2017 ya kuzipiga marufuku programu za aina hiyo. Sheria hiyo ilikuwa na kipengele kingine kilichokusudia kuzuia tiketi isiuzwe tena kwa zaidi ya nusu juu ya bei yake ya asili, lakini kipengele hicho kilisimamishwa na hatimaye kufutwa mwaka 2019 kabla hakijaanza kutumika. Walanguzi, kama ilivyo desturi yao, hawakukosa watetezi.

Je, mfuasi anunue kwa mlanguzi? Suala hili si la mfuko peke yake. Kinachouzwa katika ziara kama ile ni idadi ya usiku ambazo mtu anayekufa anaweza bado kusimama jukwaani. Anayelipa bei ya mlanguzi hukubali, pengine bila kukusudia, kwamba pumzi zilizobaki za fanani zinaweza kupigwa mnada. Sehemu ya mapato halali ya ziara ilielekezwa katika utafiti wa saratani ya ubongo kwenye hospitali ya Sunnybrook mjini Toronto. Faida ya mlanguzi ilielekezwa kwa mlanguzi. Kwa hiyo maandalizi ya uungwana ni kuijenga safari juu ya tiketi zilizopatikana kwa bei ya haki. Zikiwa nne kati ya kumi na tano, iwe safari ya maonyesho manne, na usiku mwingine msafiri asimame nje ya ukumbi pamoja na wengine waliokosa. Ni kweli kwamba ni rahisi kuyasema haya kwa asiyekuwa kwenye foleni. Hata hivyo, hayawi uongo kwa kuwa ni rahisi kusemwa.

Baada ya tiketi huja njia, na hapa ndipo penye kiini cha hoja. Mwenye fedha angeweza kuruka kwa ndege kutoka mji hadi mji, akalala hotelini, akaenda ukumbini, akarudi uwanja wa ndege. Angesikia nyimbo zote. Lakini nyimbo zenyewe zilitungwa na watu waliozunguka nchi ile kwa gari miaka mingi kabla hawajaweza kumudu ndege, na umbali umo ndani yake kama chumvi ilivyo ndani ya mchuzi. Aliyeruka juu ya nchi hiyo anafanana na msomaji anayefungua utenzi kwenye ubeti wa mwisho ili ajue nani alishinda vita.

Basi na tuitazame njia ya ardhini. Victoria imo kisiwani, kwa hiyo siku ya kwanza huanza kwa feri ya muda wa saa moja na nusu hivi kuelekea bara la Vancouver. Onyesho la pili la Vancouver lilikuwa tarehe 26 Julai na la kwanza la Edmonton tarehe 28. Kati yake ipo siku moja tu ya wazi, na kilomita zipatazo 1,150 za kuikatiza milima ya Rocky. Edmonton hadi Calgary ni kilomita 300, mwendo wa asubuhi, hapahitaji maneno. Kutoka Calgary, ambako onyesho la mwisho lilikuwa tarehe 3 Agosti, hadi Winnipeg tarehe 5, ni kilomita 1,300 na ushei, na tena siku ya wazi ni moja. Kisha Winnipeg hadi London: siku mbili za wazi na zaidi ya kilomita 2,000. Msomaji aliyezoea kuuona mwendo wa Mombasa hadi Nairobi kuwa safari, auzidishe mara nne na bado hajafika. Kuanzia London mambo hulegea: Toronto, Hamilton, Ottawa na Kingston zimekaribiana kiasi cha kumruhusu mtu kupika chakula chake na kufua nguo.

Lipo jambo dogo ambalo wapangaji wa safari hii hulisahau. Anayetoka magharibi kwenda mashariki huibiwa muda. Kati ya Victoria na Kingston saa hubadilika mara tatu, na kila mara anayekwenda mashariki hupoteza saa nzima. Tena hazibadiliki kwa utaratibu mmoja, maana jimbo la Saskatchewan, kwa sehemu kubwa, halisogezi saa zake majira ya kiangazi kama majirani wake wanavyofanya. Aliyehesabu kilomita akasahau saa atafika mlangoni wimbo wa nne ukiimbwa.

Vyombo vya usafiri navyo vimepungua tangu wakati ule. Mwaka 2016 mfuasi asiye na gari aliweza kutegemea mabasi ya Greyhound. Kampuni hiyo iliacha kuhudumia magharibi ya Kanada mwezi Oktoba 2018, na mwaka 2021 ikafunga safari zake zilizobaki za ndani ya nchi. Anayepanga kufuata ziara yoyote huko leo atalazimika kuunganisha vipande vya kampuni ndogo ndogo, au kukodi gari pamoja na wenzake. Kuna treni ya shirika la Via Rail iitwayo The Canadian, inayokwenda kati ya Vancouver na Toronto, kilomita 4,466 kwa siku nne na usiku wake. Ni treni ya fahari, lakini haisafiri kila siku, haipiti Calgary, na mara nyingi husimama pembeni ili kuipisha mizigo. Mwaka 1970 wanamuziki wenyewe, akiwemo Janis Joplin na kikundi cha Grateful Dead, walibebwa kwa treni maalumu kutoka Toronto hadi Calgary wakitumbuiza njiani. Wao walikuwa na treni iliyowangojea. Hadhira haina treni inayoingojea.

Inayobaki, basi, ni barabara, na katika barabara ndimo nyimbo zinapoanza kusomeka. Ziara ya 2016 haikuwa na onyesho hata moja katika Saskatchewan. Hata hivyo, mwenye kwenda Winnipeg kutoka Calgary kwa gari ni lazima aikatize Saskatchewan yote, siku nzima ya ngano na anga. Ni katika jimbo hilo, mjini Saskatoon, ambako kijana David Milgaard alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 17, kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Aliachiliwa mwaka 1992, na uchunguzi wa DNA ukamsafisha kabisa mwaka 1997. Wimbo wa kikundi hicho unaoitwa “Wheat Kings,” uliotoka mwaka huo huo wa 1992, unahusishwa na kisa chake. Ukisikilizwa ukumbini ni wimbo wa polepole, mtamu, wenye gitaa. Ukisikilizwa garini jioni, mashamba yakiwa yamenyooka pande zote hadi macho yachoke, mtu huelewa ni vipi kosa kubwa namna ile linaweza kukaa wazi kwa miaka 23 bila kuonekana: mahali pakiwa pana sana, hata kelele hupotea. Saa chache mbele, magharibi kidogo ya mji wa Brandon katika jimbo la Manitoba, barabara hukatiza longitudo ya 100, ambayo nayo ina wimbo wake katika albamu ile ile. Hapana mlima wala mto wa kuitambulisha longitudo hiyo. Asiyeipanga katika ramani yake ataivuka akitafuna mkate.

Wanafunzi wa fasihi wamezoea kuuliza mandhari yana kazi gani katika matini. Huku swali hugeuka: matini yana kazi gani katika mandhari? Wimbo hukiweka kituo mahali ambapo ramani ya serikali haikuweka kitu, na mfuasi anayepanga safari kwa kufuata nyimbo husimama pale ambapo msafiri wa kawaida angepita mbio. Kwa namna hiyo mpango wa safari wenyewe huwa ni uhakiki. Unachagua, unasisitiza, unaacha.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya Winnipeg hadi London, na inastahili kukawiwa. Ni mwendo wa saa 24 za kuendesha gari, kama hazizidi, usipohesabu usingizi. Barabara huingia katika misitu na miamba ya kaskazini ya Ontario, ikapita ukingoni mwa Ziwa Superior, ziwa ambalo kwa eneo linalishinda Ziwa Viktoria. Vituo vya petroli viko mbalimbali, simu hukosa mawimbi, na giza likishaingia kuna hatari ya kugongana na moose, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi. Zaidi ya hayo, magharibi na mashariki ya nchi hiyo nzima huunganishwa kwa barabara moja tu inapofika kwenye mto Nipigon. Tarehe 10 Januari 2016, miezi sita kabla ya ziara, sehemu ya daraja jipya la mto huo iliinuka kwa baridi na upepo, barabara ikafungwa, na Kanada ikakatika vipande viwili. Aliyetaka kupita ilimbidi azungukie Marekani. Anayepanga safari ya aina hii bila siku ya akiba anaiweka imani yake yote kwenye misumari ya daraja moja.

Katika sehemu hiyo hiyo, saa mbili na nusu hivi kutoka Winnipeg, upo mji wa Kenora. Ni mji mzuri kando ya ziwa, na mfuasi mwenye haraka ya kuiwahi London angeweza kununua kahawa hapo akaendelea. Mwezi Oktoba 1966 mtoto wa jamii ya Waanishinaabe aitwaye Chanie Wenjack, mwenye umri wa miaka 12, alitoroka shule ya bweni karibu na Kenora. Ilikuwa mojawapo ya shule ambamo watoto wa wenyeji asilia walitengwa na wazazi wao ili wasahau lugha na mila za kwao. Alikusudia kwenda nyumbani, Ogoki Post, takriban kilomita 600. Aliifuata reli. Alikuwa ametembea kilomita zipatazo 60 alipokufa kwa baridi na njaa kando ya reli hiyo. Treni ya The Canadian hupita juu ya njia ile ile.

Gord Downie alikuwa amekwisha kutunga na kurekodi nyimbo kumi kuhusu mtoto huyo wakati ziara ya 2016 ilipokuwa ikiendelea. Nyimbo hizo, pamoja na kitabu cha michoro, zilitoka mwezi Oktoba mwaka huo kwa jina la “Secret Path,” miezi miwili baada ya onyesho la Kingston. Maana yake ni kwamba wafuasi waliopita Kenora tarehe 6 Agosti, wakiwa wamechoka, wakihesabu kilomita, walipita penye mwanzo wa kazi kubwa ya mwisho ya fanani waliyekuwa wakimfuata, wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Hawana lawama. Lakini tukio hilo linaonyesha kwamba waliosafiri kwa barabara walipewa kitu ambacho maana yake ilikuja kukamilika baadaye. Walikuwa wamekwisha kuuona ule msitu, wakaujua ukubwa wake kwa uchovu wa miili yao. Waliposikia mwezi Oktoba kwamba mtoto wa miaka 12 alijaribu kuukatiza kwa miguu, hawakuhitaji kuelezwa. Aliyepita juu kwa ndege alikuwa na kilomita 600 kama tarakimu.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni ubadhirifu. Onyesho la Kingston lilirushwa moja kwa moja na shirika la utangazaji la taifa, CBC, bila matangazo ya biashara, na likatazamwa na watu wapatao milioni 11.7, karibu theluthi ya Wakanada wote. Viwanja vya miji vilijaa watu na skrini. Ya nini basi kuchoma petroli na akiba ya mwaka ili kukiona kile ambacho jirani amekiona bure akiwa amekalia kiti chake? Hoja hii ina nguvu na haifai kubezwa. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na kwa santuri hizo sauti yake ikawafikia watu ambao wasingefika Unguja maisha yao yote. Mashine haikuiua taarabu, bali iliisafirisha.

Hata hivyo, hoja hiyo inasahau kwamba televisheni ilionyesha usiku mmoja, nao wa mwisho. Kikundi hakikurudia orodha ile ile ya nyimbo kila kilipopanda jukwaani. Kila usiku zilichaguliwa albamu chache, zikaimbwa nyimbo kadhaa kutoka kila moja, na usiku uliofuata mpangilio ukabadilishwa. Aliyehudhuria Edmonton na aliyehudhuria Hamilton hawakusikia kitu kimoja. Kwa mintarafu hiyo maonyesho 15 yalikuwa sura 15 za kazi moja ndefu, na walioisoma nzima walikuwa wachache mno. Tena palikuwa na jambo lisiloweza kurekodiwa vyema. Ugonjwa ulikuwa umeichovya kumbukumbu ya Downie, kwa hiyo maneno ya nyimbo zake mwenyewe yaliwekwa kwenye skrini mbele yake. Mfuasi wa usiku wa kwanza hakujua kama fanani angeweza kuumaliza wimbo. Mfuasi wa usiku wa kumi alikuwa amemwona akiumaliza mara tisa na bado hakuwa na hakika. Nadharia husema kwamba kumbukumbu ni sifa ya fanani. Katika ziara ile ilikuwa imehamia kwa kiasi kikubwa upande wa pili, kwa maelfu waliojua kila neno na walioweza kulishika likiteleza. Hadhira haikuwa ikiitikia tu. Ilikuwa imebeba matini.

Lawama moja inabaki, nayo ni nzito kuliko ya petroli. Anayeipanga safari ile juu ya ramani huona haraka mahali ambapo mstari haufiki. Hapakuwa na onyesho mashariki ya Ottawa: si Quebec, si majimbo ya pwani ya Atlantiki. Mpenzi wa Halifax alilazimika kusafiri kama kilomita 1,500 ili tu aanzie pale ambapo ziara ilimalizikia. Kwa upande wa kaskazini hakukuwa na kituo chochote, na katika eneo la Nunavut hata barabara ya kuliunganisha na sehemu nyingine za nchi haipo. Mwenye haki ya kumlaumu mgonjwa kwa kutofika kila mahali hayupo, na siku za mapumziko kati ya maonyesho zilihitajika. Lakini ramani hiyo ilikuwa ikisema ukweli kuhusu nchi: ukumbi mkubwa hujengwa penye watu wengi wenye fedha, na sanaa hufuata ukumbi. Kikundi chenyewe kililijua hilo. Mwezi Februari 2012 kilikwenda kupiga muziki Fort Albany, jamii ya wenyeji asilia karibu na ghuba ya James, mahali pasipo na barabara ya mwaka mzima. Hapo hapakuwa na mfuasi ambaye angeweza kuja na gari lake.

Pengine ndiyo sababu Downie, akiwa Kingston usiku wa mwisho, na waziri mkuu Justin Trudeau akiwa miongoni mwa watazamaji, alitumia dakika zake kuwazungumzia watu wa kaskazini na jinsi taifa lilivyozoezwa kuyafumbia macho mateso yao. Alimtwika waziri mkuu jambo hilo hadharani. Alifariki dunia tarehe 17 Oktoba 2017.

Mintarafu ya masomo, lipo la kufanya hapa nyumbani. Wanafunzi huenda nyanjani wakiwa na vinasa sauti, wakarudi na jina la fanani, umri wake, utanzu alioutenda na maneno aliyoyatamka. Katika Maulidi ya Lamu, ambayo makusudi yake ni tofauti kabisa na ya tamasha la roki, wageni huja kutoka pwani nzima ya Afrika Mashariki na hata mbali zaidi, kwa jahazi, kwa basi, kwa ndege. Katika sherehe za muziki za shule, mabasi huondoka alfajiri yakiwa yamejaa wazazi na waimbaji. Ni fomu ngapi za utafiti zinazouliza watu hao walitoka wapi, walichangishana vipi nauli, walilala kwa nani, walipita wapi, waliimba nini njiani, na nani alibaki nyumbani kwa kukosa? Maswali haya hayahitaji fedha za ziada. Yanahitaji mtafiti atakayeigeuza kamera yake kutoka jukwaani kwa muda.

Katika maonyesho ya 2016 Downie mwenyewe alifanya jambo linalofanana na hilo. Nyimbo zilipokwisha aliwakumbatia na kuwabusu wenzake, wao wakatoka, yeye akabaki peke yake jukwaani chini ya taa, amevaa suti yake ya kumeta na kofia yenye manyoya, bila kuimba neno. Alikuwa akiitazama hadhira, upande mmoja wa ukumbi baada ya mwingine, polepole, akiwapungia mkono.